Bafle yenye Haisemi

Dola makumi ine tu! Bantu ba Kimanga, musikie vizuri: Papa Marcellin alitoka ku nyumba na dola mia tatu mu mufuko kwa kununua musiki mukubwa, ile mashini ya kupiga nyimbo, akarudia na mia mbili na makumi sita, musiki iko nayo, na tena alisikia sauti ya bibi yake, yenye hakusikiaka vizuri miaka na miaka! Hakuna habari ya muzuri kuishinda mu kartiye muzima mwaka huu. Lakini inaomba kuelezwa polepole toka mwanzo, juu ukiruka kipande hautaelewa kwa nini muntu mukubwa vile, na mvi ku kichwa, alizunguka mbele ya duka sawa anatafuta rezo ya telefone.

Papa Marcellin njo yule murefu mwenye alikuwa anaendesha mashini ya bunga hapa karibu na soko. Miaka kumi na tisa. Kama ulikulaka bugali mu Kimanga, ulikula bunga yenye ilipita mu mikono yake, ujue ao usijue. Ile mashini ilikuwa ya mazuti, mafuta ya motere. Motere ilikuwa ku mukono wake wa kuume, pale pale, unaweza sema banalala kitanda kimoja. Bakiliya nabo banasimama ku mukono wa kushoto na mabeseni yabo. Kelele yake ilikuwa ya kutikisa meno mu kinywa. Hakuna muntu alikuwa anapoteza sauti yake pale, bote banaongea na vidole. Vidole mbili, unasaga laini. Ngumi, unasaga ya nguruwe. Mukono wazi juu, simamisha, bunga inaungua.

Kwa hiyo hata ku nyumba alibakia muntu wa vidole. Mama Georgette, bibi yake, akimuuliza kama atakula sasa ao kisha, anamuonyesha kidole kimoja. Sasa. Na mara mingi hamujibu hata na kidole. Mama Georgette anaongea, anaongea, ye anaangalia mbele tu. Mama Georgette alisha zoea. Alisema ku rafiki zake ba korale, kwaya ya kanisa, kama alioana na ukuta wenye iko na mustashi.

Basi mwaka uliopita muze Sibomana, mwenye mashini, alichoka, akaiuzisha. Bale benye kuinunua balitia motere ya umeme, yenye haipigi kelele, na bakakuja na muntu wabo. Muze Sibomana hakumutupa Papa Marcellin. Alimupatia dekonti yake, ile makuta ya mwisho yenye banapatiaka mutumikazi akiachia kazi: dola mia tatu, noti tatu za mia mia, safi, hazina hata mukunjo. Njo yote yenye ilikuwa mu ile nyumba. Hakuna ingine ilikuwa inakuja nyuma yake.

Na kuanzia pale Papa Marcellin akakuwa sawa muntu amekaa mu maji ya fufutende. Haimuchome, haimupoze. Asubui saa kumi na moja anaamuka, anavaa viatu, anafunga kamba vizuri, anakaa ku kiti. Viatu iko mu miguu, kwa kwenda hakuna. Vainqueur, mutoto wabo wa kwanza, alipiga simu toka Baraka kusema bibi yake amezaa, mutoto mwanamuke, kilo tatu na nusu. Papa Marcellin akasema, “Ni vizuri,” akarudisha telefone, akaendelea na ukuta wake. Siku ingine Mama Georgette alipika samaki bila chumvi, kwa makusudi, aone kama muntu atasema kitu. Akala yote. Akanawa mikono. Akasema aksanti.

Hakukuwa na huzuni. Bantu bakimuuliza, alikuwa anasema hapana, huzuni hana. Iko tu sawa kifua ni sanduku yenye bamekwisha toa vitu. Miaka kumi na tisa kuna kitu kilikuwa kinaitikisa toka asubui mpaka mangaribi. Sasa hakuna kitu kinaitikisa.

Alafu siku moja ya posho, jumamosi, alipita karibu na sale moja ya kufanyia ndoa. Bafle mbili, yale masanduku ya kutoa sauti, za kimo ya muntu, ziko ku mulango. Anapita tu, anaenda zake, na kifua kikatetemeka. Duh, duh, duh, mu mbavu, sawa zamani. Akasimama. Alisimama mpaka bale ba protokole, benye kupokea bageni, bakazania ni mualikwa, bakamuletea Fanta. Akaikunywa pale pale amesimama, akarudisha chupa, akarudia ku nyumba, na akasema maneno yenye hakusemaka tangu mwezi muzima: anataka musiki. Mukubwa. Wa kuweka mu salon.

Mama Georgette akamuuliza mukubwa wa ngapi. Papa Marcellin akaonyesha vidole tatu.

Hapo Mama Georgette akapumua, juu naye alikuwa amewaza makumi tatu, karadio kamoja ka dola makumi tatu, muzee asikilize habari na asilale na viatu mu kiti. Akaonyesha vidole tatu naye, kusema tumeelewana. Bakabakia pale, kila muntu na vidole vyake tatu, bamefurahi, mpaka kesho yake ye alipomuona anachomoa zile noti zote tatu mu Biblia.

Ugomvi ya ile asubui ilisikilikana mpaka ku majirani, sauti moja tu lakini, ya Mama Georgette. Juu ye alikuwa na mupango wake. Bihindi bya kule Katogota, wakati ya mavuno, ziko beyi ya chini. Unanunua magunia, unaweka, unangojea kidogo, unauzisha hapa Kimanga kikombe kwa kikombe. Alikuwa amefanya hesabu yake yote mu kichwa akifagia. Alimuambia:

“Baba Vainqueur, ukiingiza hii makuta yote mu bafle, mwezi wa tano tutakula bafle. Utaniambia kama naipika na mafuta ao na karanga.”

Papa Marcellin akasema inatetemesha kifua. Akasema tu ile. 

Sasa, kuna kitu ingine hapa, na bila hii hautaelewa. Mama Georgette ni muimbaji. Mu korale ya kanisa yabo, ye njo anaanzaka verse ya pili, peke yake, mistari mbili, kisha bengine banaingia. Miaka ine imepita fundi mumoja alikuja kubarekodi. Aliweka mikro moja kwa babaume na moja kwa bamama, na mu wimbo babaume bakatokea ku sikio ya kushoto, bamama ku sikio ya kuume. Wimbo ikafika mu telefone, na muntu wa kwanza mwenye Mama Georgette alimupatia ni bwana yake. Alimutia écouteurs yeye mwenyewe, mu masikio yote mbili, akakaa mbele yake, mikono mu magoti, roho inapiga. Papa Marcellin akasikiliza mpaka mwisho. Akatoa écouteurs. Akasema:

“Babaume banaimba muzuri. Ninyi bamama hamusikilikane.”

Toka siku ile Mama Georgette hakuimbaka tena mu ile nyumba. Hata akiosha vyombo. Anaimba ku kanisa, akifika ku mulango wa kwake anafunga kinywa sawa muntu anafunga duka.

Tuendelee. Siku ya pili ya juma bakaenda bote mbili kwa Achille. Achille iko na duka ya bafle pale ku barabara, zimepangwa mpaka inje, na kama unapita na umevaa shati, shati inatetemeka. Mama Georgette alienda juu ya kulinda makuta, hakuenda juu ya musiki. Alitembea ku upande wa ule mufuko wenye noti, karibu sana.

Achille ni muntu wa kinywa. Aliona tu Papa Marcellin anaangalia zile mbili kubwa nyeusi, akaleta kiti, akaipanguza na mukono, akamukalisha katikati yazo, bafle moja huku, bafle moja kule, sawa anakalisha gavana. Akasema beyi ni dola mia tatu na makumi tano na ampli yake. Akasema Bujumbura hauipati kwa ile beyi, na ye aliipitisha ku mupaka wa Kavimvira, akalipa kila muntu mwenye iko na kofia. Papa Marcellin akaonyesha vidole tatu. Achille akaangalia vidole, akaangalia mbingu, akasema basi, kwa sababu ni papa wetu.

Mama Georgette akauliza kama bantu bananunua kitu bila kuisikiliza. Akatoa ka flash mu sakosi yake, juu zile nyimbo za Achille hakutaka kuzisikia, za kutikisa kiuno asubui asubui. Mu flash mulikuwa nyimbo za korale tu. Achille akaitia. Babaume bakaanza kuimba mu bafle ya kushoto. Bamama bakaitikia mu bafle ya kuume. Mama ya mandazi mwenye iko ngambo ya barabara akageuza kichwa.

Papa Marcellin akasikiliza kidogo. Kisha akanyanyua mukono wazi juu. Simamisha.

Akasema hii ya kuume haisemi.

Achille akazania ni kamba. Akabadilisha kamba. Akarudisha wimbo. Papa Marcellin akasema sauti yote inatoka ku kushoto, hii ingine imekufa. Achille akachomoa, akapuliza, akarudisha. Imekufa. Basi Papa Marcellin akafanya vile alikuwa anafanyaka na mashini: akasimama, akainama, akaibandika sikio yake ya kuume ku bafle, hapa hapa ku kitambaa, akafunga macho sawa daktari.

“Haisemi,” akasema.

“Papa, uweke mukono. Inatetemeka.”

Akaweka mukono. “Inatetemeka, lakini haisemi. Mutoto, nilifanya na mashini miaka kumi na tisa. Mashini inaweza kutetemeka siku muzima na haisagi kitu.”

Na pale pale, bila kucheka, akamuambia Achille kama bafle moja njo iko muzima, basi atalipa mia moja na makumi tano.

Bantu ba moto, bale ba pikipiki, bakakuwa bamekwisha simama, bane batano. Mumoja akauliza kama huyu papa anakuja kununua ao kuchunguza maiti. Mwengine akasema bamuachie, ni njia mupya ya kuomba beyi, naye ataijaribu ku mafuta. Achille alikasirika sasa, aliapa kama hii bafle inasikilikana mpaka ku ziwa, samaki zinaisikia, na Papa Marcellin anamutania mbele ya bakiliya.

Mama Georgette naye akaangalia ile bafle. Alikuwa amesimama karibu kabisa na ile ya kuume, na mu ile bafle verse ya pili ilikuwa imeanza. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inamutokea ku tumbo ya bafle, nguvu, wazi, mpaka vumbi ya juu yake inaruka. Na bwana yake iko mbele ya ile sauti, hatua moja, na uso wa muntu anangojea mvua iishe.

Papa Marcellin akasema basi, kama hapana kupunguza, anaenda. Akageuka kwa kutoka. Na vile aligeuka, sikio ya kushoto ikapita mbele ya ile bafle.

Akasimama.

Akageuka tena vile alikuwa. Akasikiliza. Akageuka kule. Akasikiliza. Kule, iko. Huku, haiko. Akazunguka polepole, kidogo kidogo, shingo imenyooka, na bale ba moto bakacheka mpaka mumoja akalalia gidon ya pikipiki yake. Bakasema papa anatafuta rezo. Bakasema apande juu ya kiti, pale rezo iko na mistari tatu. Ye hakucheka wala hakukasirika. Alizunguka mpaka akapata fasi, upande upande, kushoto mbele, na akabakia pale.

“Nani anaimba?”

“Minye,” Mama Georgette akasema.

“Weye?”

“Minye, Baba Vainqueur. Ni ile wimbo nilikupatiaka na écouteurs.”

Hapo Papa Marcellin akatia kidole mu sikio ya kushoto, akaiziba. Dunia ikazima. Achille anafungua kinywa na kuifunga, moto zinapita barabarani hazina sauti, mama ya mandazi anapiga mikono na mikono haipigi. Akatoa kidole: vyote vikarudia. Akatia kidole mu ile ya kuume. Hakuna kitu kilibadilika. Akarudilia mara mbili, sawa muntu anajaribu balbu.

Haikumushitua. Ungewaza muntu akijua vile sikio yake ilikufa, atalia, atapiga kelele, hapana. Ilikuwa imekufa kidogo kidogo, kila mwaka kipande, ku upande wa motere, na bakiliya bote banaongea ku kushoto, na telefone anaitia ku kushoto, kwa hiyo hakuna siku moja yenye angeweza kusema njo leo. Akasema tu:

“Bafle iko muzima. Ni minye.”

Mama Georgette akakaa. Alikaa juu ya ile bafle ingine, ya zile za dola mia tatu, na Achille hakumuambia aondoke. Miaka yote alikuwa analala ku upande wa kuume wa bwana yake. Miaka yote alikuwa anaeleza mambo yake mu giza, ya korale, ya batoto, ya mama yake mwenye alikufa, na yule muntu hajibu, na ye anageuka ku ukuta na kusema mu roho ananizarau. Alitaka kukasirika, hakujua amukasirikie nani. Alitaka kumuhurumia, akakumbuka ile neno ya hamusikilikane, akataka kukasirika tena.

“Basi siku ile ulisikia nini?”

“Babaume,” Papa Marcellin akasema. “Ni babaume tu balikuwa mule.”

Achille ni muntu wa biashara, hata mu kilio anaweza kuuzisha sanduku. Akasema kama sikio ni moja, sasa njo inaomba nguvu mingi zaidi. Akapandisha sauti mpaka mwisho. Ile ngoma ya chini ikaingia mu kifua ya Papa Marcellin, duh, duh, duh, mu mbavu, vile vile sawa ku sale ya ndoa. Iko vile. Ilikuwa muzuri, hatuta­danganya. Njo kitu moja tu mu mwaka muzima chenye kilimufikia ndani. Zile noti tatu ziko mu mufuko, na mukono wake ulikuwa umekwisha kufika ku mufuko, Mama Georgette aliuona.

Lakini sauti ya verse ya pili ilikuwa imepotea. Ngoma ilikuwa imeikula. Papa Marcellin alizunguka tena kuitafuta, kushoto mbele, pale pale fasi yake, na haikukuwa. Ilikuwa kelele tu, sawa ya motere, na bibi yake amekaa pale, midomo inasema kitu, na ye hasikii. Akamuangalia ile midomo. Kisha akanyanyua mukono wazi juu.

Achille akasimamisha.

Papa Marcellin akauliza kama hakuna ya bafle moja. Sanduku moja, kila sauti mule mule, babaume na bamama. Achille, na roho ya kuuma kidogo, akamuonyesha moja ku etajere ya chini, kubwa sawa bidon ya lita kumi, inaingia flash, inaingia radio, inachajiwa. Dola makumi tano. Akaitia ule wimbo, bila kupandisha. Papa Marcellin akaweka sikio ya kushoto. Akaonyesha kidole kimoja. Hii.

Beyi ni Mama Georgette njo aliifanya. Alisimama, akapanguza vumbi ku kikwembe, akamuambia Achille:

“Sikio moja, bafle moja. Na weye unatupigia beyi ya masikio mbili?”

Ba moto bakamuunga mukono, bakasema mama iko na haki, hesabu ni hesabu. Ikashuka mpaka makumi ine. Achille akainua ile noti ya mia ku jua, akatafuta kama imepasuka fasi, akaigeuza, akarudisha makumi sita. Zile mbili zingine hazikutoka. Mama Georgette alizichukua mu mufuko wa bwana yake hapo hapo, akazifunga mu ncha ya kikwembe, na Papa Marcellin akamuachia. Juma ile ile Mama Georgette alipanda Katogota kununua bihindi.

Ku nyumba bakaweka sanduku juu ya meza. Papa Marcellin akavuta kiti, akakaa kushoto mbele. Wimbo ikaanza. Babaume. Bamama. Verse ya pili. Mama Georgette amesimama ku mulango wa jikoni, mwiko mu mukono, hapumui.

Usizanie alilia. Hakulia. Uso ulikuwa ule ule. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

“Weye unaingia kwa kuchelewa.”

“Nani?”

“Weye. Bale bengine banamaliza, kunapita nafasi, njo unaingia.”

Mama Georgette akasema ile nafasi iko vile, muntu wa solo banamungojea. Papa Marcellin akatikisa kichwa. Miaka kumi na tisa alisikiliza motere, kitu ikichelewa anajua. Akarudisha wimbo. Hapa, akasema. Mama Georgette akasema hapana, na kwa kumuonyesha kama ni hapana, akafungua kinywa pale pale ku mulango, na akaimba ile mistari mbili, na mwiko unapiga ku mulango. Akamaliza, akamuuliza sasa iko wapi kuchelewa. Papa Marcellin akasema rudilia. Akarudilia. Akasema bado kidogo. Bugali ilipoa, ikashika ngozi juu, hakuna muntu aliigusa, na bao bangali banabishana.

Tafazali, ukimaliza kusoma, utumie bengine hii habari.